Mkaguzi

Mama yake alifia chini ya mgomba wa tatu,
povu mdomoni, panya aliyeliwa nusu kando yake.
Sumu ya ghala la mchele, kipakti mia tano,
wala hakuna aliyemlenga yeye.
Nilimzika kwa jembe la kupalilia,
kesho yake nikapigilia wavu dirishani.

Kitoto kilichobaki nikakiita Mkaguzi,
maana sufuria haikupita Pasua bila kunuswa.
Nikamwambia: wewe hutoki.
Dunia yako ni vyumba viwili na ukumbi,
cherehani, sinia la vifungo,
na godoro ambalo mimi nalala pembezoni, wewe katikati.

Dada yangu Kanaeli akishuka kutoka Uru Jumapili,
ndizi za mtori kichwani,
husimama kwanza mlangoni, ananitazama kama mwizi.
"Huyu yuko shule ya bweni?
Paka si mbuzi wa zizini, wa kukatiwa majani.
Kucha alipewa za nini?"
Na wewe, namjibu, kucha ulipewa za nini,
mbona umezipaka rangi?
Anacheka, lakini haachii.
"Mwache auone Mlima, hata siku moja."
Anauona, nasema. Alfajiri mawingu yakifunuka
hukaa dirishani,
theluji yote ile imegawanywa viraba vya wavu.

Dada hunyamaza. Mdomo tu.

Nami namwona paka,
shore anapotua kwenye kamba ya nguo:
taya linamtetemeka, anatafuna hewa,
anatoa kisauti kisichofika hata kuwa mlio.
Siku hizo mshono wangu haunyooki.
Pindo la sketi ya shule linakwenda upogo,
nafumua, narudia, nafumua.
Nimemfungia paka,
au nimeifungia asubuhi ile ya mgombani?

Lakini nje kuna vifaranga wa Mama Senzia,
thelathini na wawili, wote wameandikwa daftarini.
Kuna bodaboda zisizojua breki,
kuna watoto wenye manati na mchana mrefu.
Mimi nina hoja.
Yeye ana macho.

Basi mwezi wa tatu, mvua bado inasitasita,
nikaenda ghalani kwa Mbaruku, kilo tano za mchele.
Juu ya magunia, karibu na mizani,
amelala paka.
Baka jeupe kidevuni.
Sikio la kushoto lenye alama ya pasi yangu.
Shingoni kitambaa cha bluu, pindo la upogo.

"Huyo?" Mbaruku akasema, jicho kwenye mizani.
"Huyo Meneja. Mwaka wa pili huu yuko kazini.
Huingia saa nne, saa kumi anaondoka,
Jumapili hafiki, sijui anasali wapi.
Tangu aje, sumu sinunui tena."

Meneja akafumbua jicho moja,
akanitazama kama mteja.

Nilirudi nyumbani na mchele wangu, sikumwita.
Nikapanda juu ya stuli, nikapapasa dari nyuma ya kabati,
pale nilipodhani analala mchana kutwa:
ubao mmoja umelegea,
ukingo wake umesuguliwa ukang'aa,
manyoya yameshikwa na msumari.
Saa kumi na robo akashuka hapohapo,
akajinyoosha, akapiga mwayo wa mtu aliyechoshwa na kulala,
akadai dagaa zake.

Fundi Eliringia alikuja kabla ya masika, misumari mdomoni.
"Mama, hapa maji yataingia. Nipigilie?"
Nilimtazama paka.
Paka alikuwa akimtazama fundi.
Pigilia kwingine kote, nikasema.
Hapo nitaweka ndoo.

Jumapili Kanaeli akaja na ndizi zake,
akasimama mlangoni kama kawaida.
"Bado umemfungia?"
Bado, nikasema,
nikavuta kisu, nikaanza kumenya.