Sikio la Kushoto

Nimegawa visikilizio arobaini, kimoja kimoja,
ukumbi wa Chumbageni, viti vya kukodi.
Sikio la kushoto ni lako.
La kulia tuachie.

Kulia: marimba, zeze la Semkiwa,
na feni inayokwaruza
(nayo nimeiandikia zamu yake).
Kushoto: cherehani cha mama, Ngamiani,
usiku wa kuamkia Idi,
kwako mbio, kwa jirani yako kwa kusitasita,
uzi umekatika, anaulamba, anatunga tena.

Dakika ya tisa zeze likanyamaza.
Nikasikia miguu
ikikanyaga pedali isiyokuwepo.

Bi Mwanakheri alikuwa keshakivua chake.
Sikio hilo lilikufa na surua, utotoni;
sikumwuliza.
Amekifumbata kiganjani kama kifaranga,
na mguu wake
ndio uliotangulia.