Vua Kwanza

Saa nane na robo za usiku, Mbale.
Nambozo anapiga simu kutoka ghala la ushirika:
"Mizani inaikubali kahawa, mfumo unaikataa."
Malori matatu yako getini, injini zimezimwa,
na kila gunia la Budadiri analoliingiza
linarudishwa na maneno yale yale mekundu:
hakuna nafasi kwenye diski.

Nikaandika: hamsini iwe mia.
Klasta ikanijibu kwa adabu ya karani wa wilaya
kwamba hifadhi ya aina hii hairuhusiwi kuongezwa.
Nani aliyeifunga? Nikatafuta jina.
Ni mimi, mwaka juzi, kwa haraka,
niliyeacha "hapana" mahali pa "ndiyo".

Nikaligeuza neno. Nikaomba tena.
Dai likapita, gigabaiti mia, limeandikwa wazi.
"Jaribu sasa," nikamwambia.
Kimya. Kisha: "Bado."

Nikaingia ndani ya kontena, nikapima mwenyewe.
Hamsini. Zimejaa hadi ukingoni.
Nje mia, ndani hamsini,
kama shamba la mzee Wepukhulu:
hati inasema ekari nne,
jembe linagota kwa jirani kwenye ya pili.

Umeme ukakatika. Betri ikaanza kulia pii, pii,
nami nachambua matukio kama mchele wa mawe,
mstari baada ya mstari, mpaka huu:
diski imekua; mfumo wa faili unangoja.

Unangoja nini, mwanaharamu wewe?

Nikamwona mama, kambi ya polisi, nyumba ya bati,
mguu wake kwenye kanyagio la cherehani.
Wanawake walikuja asubuhi ya harusi
wakiwa wameshavaa gomesi, mshipi umefungwa,
"Niachie pindo kidogo tu, gari linangoja."
Naye, pini mdomoni, hakuinua hata macho:
"Vua kwanza. Sindano yangu haishoni mwili."

Nikaikagua nakala ya akiba. Nikaikagua tena.
Mara ya tatu nikaikagua kwa sababu ya woga tu.
Kisha nikaivua podi.

Sekunde arobaini.
Wakulima elfu moja na mia mbili, majina na kilo zao,
hawakuwa mikononi mwa mtu yeyote.
Nilishika meza. Sijui kwa nini meza.

Ikaamka. Nikapima.
Mia.

Nambozo hakusema asante.
Nilisikia gunia likitua kwenye mizani,
kijana akipiga chafya ya vumbi,
na sauti yake, kavu, ikiendelea pale ilipokatikia:
"Sitini na mbili na nusu. Lingine."

Okware, wewe wa zamu ya asubuhi, soma hapa.
Nimeweka kengele ilie ikifika themanini.
Usiizime kwa sababu inakukera.
Na ukiongeza, ongeza kwa kiasi:
kilichopanuliwa hakirudi nyuma,
ukikosea sifuri moja tutailipia kila mwezi
mpaka sote wawili tusahau ni ya nini.

Mama alikuwa akiacha inchi mbili
ndani ya kila mshono, upande usioonekana.
Wateja walidhani anapoteza kitambaa.
Aliuachia nafasi mwili ambao haujafika.