Baridi Iko Wapi?

Saa kumi na moja alfajiri, Julai,
nimevaa sweta mbili, kofia ya sufu,
na soksi za kaka yangu juu ya soksi zangu.
Wageni wanashuka kwenye tuktuk ya Famau
na fulana za mikono mifupi.
"Baridi iko wapi?" anauliza Mama Tapkigen,
mwalimu mstaafu, ametoka Eldoret,
huko juu ambako, anasema,
mwezi huu nyasi huamka na mvi.
Mjukuu wake, Kibichii, ananicheka wazi.
Namwambia: mwanangu,
kila mtu na kipupwe chake.

Tunaingia Sokoke.
Mchanga mweupe kwanza, na mirihi
iliyojipinda kama watu waliokatiziwa ngoma.
Nawapa masharti: hakuna marashi, hakuna simu,
tunanyata kama mkwe aliyechelewa ukweni.
Umande unatudondokea shingoni. Hakuna anayepiga kelele
isipokuwa tumbo langu, lililoacha mahamri Malindi.

Wanataka ndovu. Wageni wote wanataka ndovu.
Lakini ndovu wa huku wana haya,
watakusikia tangu unafunga kamba za buti.
Tunakuta kinyesi tu, bado kinafuka mvuke.
Kibichii anakipiga picha tisa.
Mimi nainama, nakikingia viganja,
jiko la pekee msitu mzima.

Pale mchanga unapogeuka udongo mwekundu
na mifunda inakaza safu zake, nasimama.
Nanyoosha kidole, polepole.
Bundi wawili, kila mmoja kimo cha glasi ya chai,
mmoja rangi ya kutu, mmoja rangi ya jivu,
wamebanana bega kwa bega kwenye kitawi.
Bibi yangu angewatupia jiwe na kutema mate mara tatu,
maana bundi akilia juu ya makuti
kuna mtu anapimiwa sanda.
Mimi karo ya binti yangu inalipwa na bundi.
Sijui ningeanzia wapi kumweleza Bibi.

"Hata hawa wanaona baridi," anasema Kibichii,
kwa sauti ya chini. Hacheki tena.

Tukakaa kwenye gogo. Nikamimina chai ya tangawizi.
Majani makavu yakasema *kra*, yakanyamaza,
yakasema tena.
Akatoka sange: miguu ya njiti,
pua ndefu inayopekua kama mtu aliyedondosha shilingi,
na makalio ya dhahabu, utadhani
amekalia mlango uliopakwa rangi jana.
"Mlitaka mkonga," nikanong'ona. "Ndio huo."

"Yuko peke yake?" Mama Tapkigen akauliza.
Nikamwambia ninachojua:
ana mwenzi, mmoja, mpaka kifo.
Ila hawatembei pamoja. Eneo ni moja,
njia ni mbalimbali. Wakikutana hupitana,
kila mmoja na mdudu wake.

Akanyamaza kitambo.
"Miaka arubaini na mitatu," akasema,
"yeye na mahindi yake, mimi na chaki yangu.
Majirani walisema hatupendani."

Sange akapiga mkia chini, mara moja,
akaruka, akaruka, akawa kelele,
kisha kelele nayo ikaisha.

Mama alikishika kikombe kwa mikono miwili,
hakunywa. Chai ikapoa.
Halafu, bila kunitazama, akauliza
kama ile sweta ya juu naihitaji sana.
Nikaivua. Ilimbana kwapani.
Hakuifungua vifungo mpaka tulipofika getini,
na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Famau alikuwa amelala, miguu nje ya tuktuk.
Akafungua jicho moja:
"Haya, Mbeyu, ndovu wameonekana?"

Kibichii akajibu kabla yangu:
"Mmoja. Mdogo."