Jozi ya Kumi na Saba

Kyangwali, saa nne asubuhi, darasa la mabati
limeanza kulialia kwa joto.
Mezani kuna ubao, juu ya ubao karanga tano za sukari,
na kamba moja ya katani imepita nyuma yake,
ncha huku, ncha kule.
Ukivuta peke yako, kamba yote inakuja mkononi,
ubao unabaki palepale,
karanga zinakutazama.

Dokta Kabagenyi ametoka Makerere na swali lake:
lini akili ya mtoto hutambua kwamba kuna akili nyingine?
Methali ilishasema kidole kimoja hakivunji chawa;
yeye anataka kujua
ni nani aliyemfundisha kidole cha pili.

Mimi ni mkalimani. Elfu thelathini kwa siku, na soda.
Nashika saa, najaza fomu:
jozi namba ngapi, umri, lugha ya nyumbani,
aliyevuta kwanza, aliyengoja.
Kingine chochote hakina kisanduku.

Jozi ya kumi na saba waliingia bila kutazamana.
Isingoma, miaka sita, Mnyoro wa hapahapa,
pacha; Kato wake amebaki nje kwenye foleni.
Lotsove, sita na nusu,
alivuka Ziwa Albert mgongoni mwa shangazi.
Huyu Kinyoro hajui, yule Kilendu hajui,
nami nimekatazwa kutafsiri.
Siku ile kazi ya mkalimani ilikuwa kunyamaza.

Lotsove alivuta. Upesi, kama anayewahi ndoo bombani
kabla foleni haijaharibika.
Kamba ikamjia yote, nyepesi kama uongo.
Hakulia. Aliitazama tu.

Isingoma akaipitisha tena nyuma ya ubao, taratibu
(pacha huzaliwa akijua kuna ncha ya pili),
akampa mwenzake ncha yake.
Kisha akakwama. Utamwambiaje mtu "sasa"
kama huna neno lake la sasa?

Sekunde ya ishirini na tano. Ya thelathini.
Dokta alikuwa amesahau kupepesa macho.

Ndipo mtoto akafanya wafanyavyo kwao
ili mgeni asikose jina la kuitwa kwa upole:
akamchagulia empaako.
"Abwoli," alisema.
Akangoja. "Abwoli?"
Msichana akainua uso kama aliyeitwa hivyo tangu zamani,
na kamba ikakaza.

Sekunde arobaini na moja.

Wakala mbili mbili. Ya tano ikabaki.
Fomu ilitarajia ugomvi hapo; ugomvi una kisanduku.
Lotsove aliirudisha karanga katikati kwa kidole kimoja,
akausukuma ubao hadi ulipokuwa mwanzo,
akaangalia mlango.
Nje, Kato alikuwa akipiga mluzi.

Niliandika: imefaulu.
Pembeni nikaandika kwa penseli, Abwoli,
nikafuta. Alama haikutoka.

Jioni nilirudi kwetu, kwenye safu ya vibanda vya udongo na turubai.
Kuna mama tunayepakana naye.
Waliyotutenda watu wake, waliyotendwa na watu wangu,
tumeyaacha katikati ya milango miwili kama mfereji.
Alikuwa akikamua blanketi peke yake:
analisokota huku, linafunguka kule,
maji yanamrudia viwikoni.

Nilisimama, saa ya Dokta bado shingoni.
Watoto: sekunde arobaini na moja.
Mimi: miaka mitatu, miezi miwili, hatua tisa.

Nikashika ncha. Blanketi lilikuwa zito.
Alipozungusha, nikazungusha kumfuata,
kwa heshima, upande wake uleule,
na halikutoka hata tone.
Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mzito wa kuelewa.
Akanionyesha kwa kidevu:
mimi huku. Wewe kule.