Chini ya Tandiko

Farasi nilimjua kwenye methali tu:
mpanda wawili hupasuka msamba.
Hakuna aliyenifunza
la kumwambia huyu mmoja
aliyesimama mbele yangu Rothbury, Jumanne, saa mbili asubuhi,
mvua ya Machi ikimchirizika puani,
nami nimetoka zamu ya usiku
ya kugeuza wazee vitandani.

"Usimjie kwa nyuma," alisema Bi Noreen Charlton,
ambaye magoti yake yote mawili ni ya chuma.
"Mwite jina kabla hujamgusa.
Hata wewe ungependa hivyo."
Nikamwita: Dulcie.
Sikio moja likanigeukia.
La pili likabaki na mlango.

Ana sifa mbaya, Dulcie.
Ukimkaza mshipi wa tumbo anauma hewa,
ukimpanda anarusha mateke.
Mwenyewe wa zamani alimuuza kwa bei ya baiskeli.
Kila aliyepita alisema ana kiburi,
nami moyoni nikaitikia: si ndiyo hiyo,
shukrani ya punda.

Wiki ya tatu akanirusha.
Sikumbuki kuruka. Nakumbuka kutua:
nguzo ya uzio, mlio wa kibuyu kikipasuka,
kisha mawingu, na farasi kule pembeni
akitetemeka kuliko mimi.
Bi Noreen hakuniinua.
"Lala hapo hapo. Chezesha vidole vya miguu. Leo ni siku gani?"
"Jumanne," nikasema.
Ilikuwa Jumamosi.
Akaita gari la wagonjwa.

Niliporudi, siku ishirini baadaye,
kofia yangu ilikuwa mezani,
nzima machoni, mkwaruzo mmoja tu.
Akachukua mkasi akakata kamba zake,
ya kulia, ya kushoto,
asije mtoto wa mtu akaivaa.
"Hii imekwisha kufa," akasema.
"Imekufa kwa zamu yako."

Siku hiyo sikupanda.
Nilimvua Dulcie tandiko, nikapitisha kiganja mgongoni
polepole, kama ninavyopitisha kwenye nyonga ya Bwana Telfer
ambaye haumwi kitu, anasema, mpaka umguse.
Na pale, kwenye kinundu cha bega,
vinyweleo vyeupe katika manyoya ya kahawia,
baka la ukubwa wa sarafu,
mahali kiunzi cha tandiko kilipobana miaka.
Nikabonyeza kwa kidole kimoja.
Ngozi ikaruka. Mgongo ukazama.
Hakuniuma. Alinitazama tu.

Kazi hii naijua.
Najua ngozi inavyolia kabla haijachanika.
Najua mzee asiyegeuzwa hukasirika,
na kwenye jalada lake huandikwa: mkorofi.

Ewe uliyetunga ile methali ya punda,
ulimshusha mzigo kwanza, ukatazama?

Tandiko jipya lilikuja Mei, kwa malipo ya miezi minane.
Aliyelileta alimpima Dulcie kwa waya laini,
bega, mbavu, bega,
kama fundi cherehani anayeshona suti ya bwana harusi,
akaomba radhi kwa mikono yake baridi. Akamwomba farasi.

Tulianza upya, mimi chini kwa miguu:
hatua, simama, hatua.
Akitoa nusu ya jibu, kamba ilegee papo hapo,
si baada ya mimi kujisifu.
Hilo nalo nilichelewa kulijua,
kwamba kulegeza ndiyo sentensi yenyewe,
kuvuta ni kukohoa tu kabla ya kusema.

Hajawa malaika. Siku za upepo bado hurusha mguu,
na kofia mpya naivaa hata nikimwongoza tu hadi kwenye maji.

Lakini jana nilimfunga mshipi, tundu kwa tundu,
vidole viwili vikipita chini yake.
Akageuza kichwa. Nikasubiri meno.
Akaingiza pua kwenye mfuko wa koti langu,
hamkuwa na karoti,
akabaki humo, akipumua.