Siku ya Tatu Itazidi

Bi Semeni alisema mapema, kabla ya kupokea hela:
"Siku ya tatu itazidi. Usinipigie simu ukilia."
Akakaza kifuniko cha dumu, la lita tano,
lililowahi kuwa la mafuta ya alizeti,
sasa lina majani yaliyochemshwa
hadi maji yakawa meusi kuliko buibui langu.
"Kilichokaa ndani kikitoka lazima kipite mlangoni,
na mlango wenyewe ni ngozi."

Nikalipakata dumu nyuma ya bodaboda
kutoka Mabanda ya Papa mpaka Barabara ya Kumi na Tatu.
Mhina alikuwa kizingitini, mikono kaiweka mbali na mwili
kama mtu anayesubiri rangi ikauke.
Miaka kumi na tisa korona, akiilisha mashine mkonge;
utomvu umemla kutoka viganjani hadi viwikoni.

Asubuhi Amboni, kwenye maji ya kibiriti,
yale yanayonuka mayai viza.
Akatumbukiza mikono, akavuta pumzi kwa meno.
Jioni dumu: kikombe cha kunywa, kikombe cha kukanda.

Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili alilala, hata akakoroma,
nikatabasamu gizani peke yangu kama mwendawazimu.
Siku ya tatu mikono ikafumuka.

Ilifumuka kama mshono wa uzi wa bei rahisi:
malengelenge, maji ya njano, ngozi imevimba inang'aa.
Mama mkwe akasema, uchafu huo unatoka, mwacheni.
Jirani Chausiku akasema, unatoka.
Mhina mwenyewe, kaing'ata kanga niliyompa,
akatikisa kichwa: unatoka.
Nami nikaandika kwenye kalenda ya duka la vitambaa,
kwa chaki ya kukatia: *3. Umezidi. Alhamdulillahi.*

Nani aliwahi kushukuru kwa usaha? Mimi.

Siku ya nne nikashukuru tena, kwa sauti ya chini.

Mimi ni mshonaji. Nakunja pindo za kanga.
Najua doti inavyotoka kiwandani:
vipande viwili vimeshikana,
ua lile lile, jina lile lile,
na macho yakichoka huoni mahali pa kukatia.
Ndivyo ilivyokuwa homa ya siku ya tano.
Ya kupona, au ya kuzama?
Ua lile lile.

Saa nane usiku nikamgongea Bi Semeni.
Nilijiandaa kuambiwa "subira";
nililichukia neno hilo njia nzima.
Tukapanda mshikaki, pikipiki moja, watu watatu,
kilemba chake kimekaa upande.
Hakugusa dumu. Aliomba tochi ya simu.
Akaunusa mkono. Akafuata kwa kidole
mstari mwekundu, mwembamba kama uzi,
unaopanda kutoka kwenye kiwiko kwenda kwapani.

"Huu sikukuahidi," akasema.
"Nilikuahidi kuwasha. Nilikuahidi maji.
Kinachotoka hutazama nje. Huu unaingia.
Bombo. Sasa hivi, usingoje adhana."

Na nusu ya hela yangu akairudisha,
noti zimekunjwa ndogo ndogo, zinanuka majani.

Bombo walimchoma sindano siku saba.
Ya kwanza ilimtia kichefuchefu na kutetemeka;
nesi akasema, bila kuinua macho kwenye daftari,
"Huwa hivyo mwanzoni."
Nikacheka mpaka akaniuliza kama nami naumwa.

Leo ngozi inabanduka, nyepesi kama ganda la kitunguu,
na chini yake kuna mkono wa rangi ya ndani ya pera.
Mhina anauliza: ni maji ya Amboni, ni dumu, au ni sindano?
Namwambia anyooshe mkono anishikie pindo.
Ananishikia. Hakunji uso.

Dumu bado lipo nyuma ya friji, nusu.
Silimwagi. Simpi.
Kila nikifagia nalisogeza,
kisha nalirudisha.