Kipini cha Bi Mize

Linoleamu hii ilikuwa sakafu.
Zahanati walipoweka vigae vipya
niliomba vile vipande kabla havijatupwa,
na fundi Athmani, mikono myeupe kwa saruji,
akaniuliza: "Dada, sakafu huliwa?"
Nikasema huliwa.

Mwaka wa sita huu naila.
Chumba cha juu, Langoni, dirisha moja,
meza ya mbao za masanduku ya chai.
Kipupwe kikiikaza
naitoa nje ikaote jua,
irudi laini kama halua ya jana.
Kisha patasi. Patasi ina neno moja tu: toa.
Kinachobaki ndicho kitakachosema.
Ukilikata jicho ukapitiliza
hakuna kifutio, hakuna kiraka;
uso mzima huo unakwenda jaani
na mimi nakwenda kuchemsha chai.

Siku ya kwanza kuandika jina juu ya kibao
nilicheka peke yangu:
herufi za skuli zaanza kulia, kama za chuoni,
na za chuoni zaanza kushoto, kama za skuli.
Waalimu wangu wote wawili
wangepokezana fimbo.

Sina mashine. Nina upawa wa shaba
wa marehemu nyanya; mgongo wake nausugua
juu ya karatasi, duara, duara,
hadi bega liwake.
Karatasi hutoka Nairobi, hufika pembe imekunjika
na kondakta ameapa hakuigusa.
Wino nao hauna haraka na hewa hii ya chumvi:
siku nne, haujakauka.
Naziangika nakala kwa vibanio
katikati ya leso za mama,
na leso moja sasa ina nukta nyeusi
isiyotoka kiwandani.

Bwana Famau wa nyumba ya wageni alikuja:
"Chonga milango. Milango huuzika."
Nilimchongea miwili, nikalipa umeme.
Wa tatu, mkono ulikataa.

Nikamchonga Bi Mize,
anayekaanga bajia nyuma ya soko,
ndani ya moshi wake, jicho moja kalifumba,
leso mabegani, kipini puani.
Nakala kumi na mbili. Ya kwanza nikampelekea
imefungwa kwa gazeti.

Wanawe wakaizunguka.
"Si yeye huyu. Kipini kiko kulia.
Mama kipini chake kushoto, mtaa mzima wajua."
Mate yakanikauka.
Miaka sita, na nimesahau
kwamba kibao husema kinyume.

Bi Mize akafuta mafuta vidoleni,
akaisogeza karibu, akaiweka mbali,
hakusema kitu hadi bajia zikaanza kuungua.
"Niacheni," akasema. "Nyinyi mwanijua kwa nje.
Mimi, miaka arubaini nikijipaka wanja,
huyu ndiye anitazamaye kiooni.
Sijapata kumuona nje ya kioo."
Akanifungia bajia za shilingi mia
kwa gazeti lile lile.

Zimebaki kumi na moja.
Nimezipa namba kwa penseli, chini, kushoto,
yaani kushoto kwa kweli.
Nne zimeuzwa. Moja ina alama ya kidole changu
kwenye shavu, hiyo siuzi.
Ijumaa kuna arusi Mkomani;
hina nitatia mkono mmoja,
mwingine una wino chini ya kucha
na sabuni imesalimu amri.
Wakiuliza, nitasema ndio mtindo.

Kibao nimekisafisha kwa mafuta ya taa.
Pembeni, juu, pale nisipochonga,
pana shimo dogo la mguu wa kitanda cha wagonjwa,
na shimo halishiki wino,
kwa hiyo kila nakala ina kiduara cheupe
juu ya kichwa cha Bi Mize.
Wanunuzi husema: ah, mwezi.
Siwasahihishi.